Uliza Fundi: Laptopu ya gemu inakwama kwenye video za harusi

Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya mashine za kuediti video nyumbani, nimechagua matano. Karibu wote mnauliza "fundi ninunue mashine gani" halafu hamsemi hizo video mnapiga na nini na kwa setingi gani. Jamani, hilo la pili ndio linatangulia. Mwambie fundi kwanza faili lako likoje, mashine itajulikana baadaye.

Swali: Habari za kazi fundi. Napiga video za harusi na send-off hapa Tanga. Niliuza Sony A7 III yangu nikachukua A7 IV. Laptopu yangu ni ya gemu, i7 kizazi cha 10, RAM 16, kadi RTX 3060. Zamani ilikuwa inakata 4K bila shida yoyote, sasa hivi nikiweka klipu kwenye Premiere Pro inakwama kwama na feni inapiga kelele mpaka chumba cha pili. Jamaa mmoja kaniambia niongeze RAM ziwe 32, mwingine anasema kadi imechoka nitafute laptopu ya RTX 4070. Nimsikilize yupi? *(Mpiga video, Tanga)*

Jibu: Nzuri kaka, pole na kazi. Kwanza pesa zirudishe mfukoni, hao wote wawili hawajakuuliza swali la maana.

Kilichobadilika kwako sio laptopu, ni kamera. A7 III ilikuwa inakupa 4K ya H.264 (hiyo ni kodeki, yaani njia ya kubana video), biti 8, rangi 4:2:0 (namba hizi ni kiasi cha rangi kinachohifadhiwa), na hiyo karibu kila mashine ya miaka ya karibuni inaifungua bila kutoa jasho. A7 IV inakupa pia biti 10 na rangi 4:2:2, na nina uhakika wewe ulipoiona kwenye menyu ukasema ngoja niweke kubwa kabisa nifaidi kamera yangu. Sasa ndani ya prosesa na ndani ya kadi ya grafiki kuna kisehemu maalum ambacho kazi yake ni moja tu, kufungua video iliyobanwa, na hicho kisehemu kinajua aina fulani fulani tu za kodeki, isiyoijua hata haigusi. RTX 3060 yako haijui 4:2:2, hata ile RTX 4070 uliyoambiwa nayo haijui, Nvidia wameanza kuiweka kwenye RTX za namba 50 zilizotoka 2025. Upande wa Intel, kwenye prosesa za laptopu za gemu grafiki ya ndani imeanza kufungua H.265 (kodeki mpya kuliko H.264) ya biti 10 4:2:2 kuanzia kizazi cha 11, wewe una cha 10, umekosa kwa hatua moja tu. Kwa hiyo kazi yote inaangukia kwenye kore za prosesa zifungue kwa nguvu zake zenyewe, ndio maana feni inalia.

Hakikisha mwenyewe usiniamini mimi. Fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza GPU, utaona kigrafu kimeandikwa Video Decode. Sasa cheza ile klipu inayokwama kwenye taimulaini. Kama Video Decode imelala kwenye sifuri na prosesa iko juu inakaribia asilimia 100 basi ugonjwa ndio huo. Weka klipu ya zamani ya A7 III uone tofauti, kigrafu kitapanda.

Cha kuchekesha ni kwamba ungenunua ile laptopu ya RTX 4070 yenye Intel ya kizazi cha 12 au 13, tatizo lingepona kweli, na ungeenda kutangaza kwa wenzako kwamba kadi ndio imekuokoa, kumbe ni grafiki ya ndani ya Intel ambayo hata hukuitilia maanani. Ungechukua ya 4070 hiyo hiyo yenye Ryzen ungejikuta uko pale pale na milioni zimeenda. Na hata ukiwa na Intel sahihi, laptopu nyingi za gemu zina sehemu ya kuizima grafiki ya ndani ili kadi ifanye kazi peke yake, wacheza gemu wanaipenda, wewe usiiguse. Wanaonunua desktopu nao wasome herufi ya mwisho ya prosesa, ikiishia na F kama i5-12400F maana yake haina grafiki ya ndani kabisa, ni rahisi kidogo dukani ila kwa mtu wa video umeacha kitu cha muhimu.

Sasa ufanyeje bila kununua. Piga dakika moja moja kwa kila setingi ya kamera yako, ziweke kwenye laptopu, angalia ipi inateleza na ipi inakwama. Utakuta ya 4:2:0 inateleza, hata ya biti 10 ukiwa kwenye XAVC HS, maana hiyo ni H.265 na kadi yako inaijua vizuri. Kuna mtego hapo, XAVC S bila hiyo H ni H.264, na H.264 ya biti 10 4:2:2 hata Intel ya kizazi cha 12 au 13 haikusaidii kuifungua, kwa hiyo mtu anakimbia H.265 akidhani ndio nzito anaangukia kwenye nzito zaidi.

Halafu kaka, tuongee ukweli. Hotuba za wajomba saa 2 nzima ukumbini unazipiga biti 10 4:2:2 za nini? Hakuna mtu ataenda kucheza na rangi ya kipaza sauti. Weka biti 8 ukumbini, ile kubwa ibakize kwa bibi harusi na bwana harusi ufukweni jioni pale ambapo utakaa ubadilishe rangi kweli.

Na zile ambazo tayari umepiga tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kukatia. Kwenye Premiere chagua klipu zote, bonyeza kulia, Proxy, Create Proxies, chagua ndogo ya ProRes, iache usiku ifanye kazi wewe ukalale. Asubuhi unakata kwenye nakala nyepesi, ukiekspoti yenyewe inarudi kwenye faili halisi. Wengi wanaona uvivu hii hatua lakini watu wa filamu wenye mashine za pesa nyingi kuliko nyumba yako wanafanya hivyo hivyo kila siku.

RAM 32 sio ushauri mbaya, Adobe wenyewe wanapendekeza 32 kwa 4K, ila ongeza ukijua kwamba huko kukwama hakutaondoka kwa RAM.

Swali: Hujambo fundi, mimi niko Nakuru, napika na kuweka video YouTube, napiga na simu. Nina elfu arubaini na tano na screen tayari ninayo. Nachanganyikiwa kati ya laptop ndogo mpya na zile desktop za ex-UK. Pia kuna shida ingine, video ikiwa ndefu sauti inaachana na mdomo, mwanzo iko sawa ikifika mwisho naongea kabla mdomo ufunguke. *(Mpishi, Nakuru)*

Jibu: Sijambo dada. Kama huna haja ya kutembea nayo chukua desktopu ya ex-UK na wala usijiulize mara mbili. Laptopu mpya ya bei hiyo inakuwa na prosesa dhaifu ya kusoma imeili, RAM kidogo iliyochomelewa kwenye bodi, na ikipata joto inajipunguza kasi. Hizi OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP na ThinkCentre za Lenovo zimetoka maofisini, zimefanya kazi za Excel miaka mitatu minne zikauzwa, ni ngumu na vipuri vyake viko kila mahali.

Ila usichukue yoyote tu. Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8, ndio maana saa hii kuna mafuriko ya mashine za kizazi cha 6 na cha 7 za bei ya kutupa, makampuni yanazitoa. Muuzaji atakuambia "hii ni i7 madam" na ni kweli ni i7, lakini i7-6700 ina kore 4 na i5-8500 ina kore 6, kwa hiyo hiyo i5 ndogo kwa jina inaipita i7 kubwa kwa jina. Angalia namba inayofuata baada ya mstari, ikianza na 8, 9, 10 au zaidi endelea kuongea bei, ikianza na 6 au 7 mshukuru uende duka lingine.

RAM iwe 16, na iwe vijiti viwili vya 8, sio kimoja cha 16. Hujaweka kadi bado kwa hiyo grafiki ya ndani inaazima RAM hiyo hiyo, vijiti viwili vinaipa njia mbili za kupita badala ya moja. Mwulize bei ya RAM kabla hujalipia mashine, maana RAM zilipanda bei vibaya mwishoni mwa 2025 viwanda vilipogeukia soko la seva za akili mnemba, na mashine ya bei rahisi yenye RAM 4 inaweza kukugharimu zaidi kuliko ile iliyokuja nazo tayari.

Umbo pia. Kuna ile nyembamba ya kulaza na kuna mnara wa kawaida, bei zao zinakaribiana. Chukua mnara. Siku ukitaka kuweka kadi, ile nyembamba inakubali kadi fupi tu ambazo ni chache na ghali, na pawa saplai za hizi mashine za ofisini huwa hazina waya wa ziada wa kadi, na plagi zake ni za kiwanda chenyewe kwa hiyo kubadilisha ni kazi. Kadi itakayokufaa ni ile inayokula wati 75 basi, inayochukua umeme wote kwenye sloti, kama GTX 1650 isiyo na tundu la waya. Ila kwa video za mapishi za simu hiyo kadi huihitaji leo, tumia pesa kwenye SSD (diski ya kasi) kwanza.

Na nunua UPS (boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika), hili silibembelezi. Desktopu haina betri, umeme ukikatika katikati ya kuekspoti unaanza upya, na ukikatika vibaya diski ndio inaumia. Ukisoma 650VA kwenye boksi hiyo sio wati, wati zake ni pungufu ya hapo kwa mbali, lakini kwa mashine kama hii na skrini moja inakutosha kusevu na kuzima kistaarabu. Usiunganishe friji hapo, najua mtajaribu.

Sauti kuachana na mdomo sio kosa la mashine. Simu nyingi zinarekodi kwa fremu zisizo sawa, mwanga ukipungua inapunguza fremu kidogo, ukiongezeka inarudisha, na softwea ya kuediti inategemea fremu zije kwa mwendo mmoja. Chukua HandBrake, ni ya bure, kwenye sehemu ya Video weka Constant Framerate, chagua 30 kama simu ilikuwa 30, pitisha klipu zote humo kabla hujaanza kukata. Inachukua muda ila tatizo linakwisha.

Swali: Oya fundi, mwanachuo hapa Dodoma, laptopu yangu ni i5 ya kizazi cha 4, RAM 4, hadi diski 500. CapCut inafunguka dakika nzima. Niuze niongezee? *(Mwanachuo, Dodoma)*

Jibu: Usiuze mdogo wangu, utapewa hela ya chipsi. Toa hiyo hadi diski weka SSD ya SATA ya 480, ongeza RAM zifike 8 au 12 kama bodi ina sloti ya pili (fungua kifuniko cha chini uangalie kabla hujanunua, nyingine zimechomelewa). Utaona kama umebadilisha mashine. Kata video za 1080p, punguza ubora wa kuangalia wakati wa kukata, funga kivinjari chenye kurasa ishirini. CapCut ikiendelea kusumbua jaribu Shotcut, ni ya bure na ina proksi ndani. Umalize chuo kwanza na hiyo.

Swali: Asalam alaykum fundi. Mwanangu anasomea mambo ya filamu hapa Unguja, anataka laptopu yenye RTX, anasema bila hiyo hasomi. Dada yangu yuko Muscat anaweza kununua akaniletea akija. Nimnunulie hiyo au MacBook? Kuna moja ya M1 iliyotumika ya bei nzuri. Sitaki anidanganye ikawa ya kuchezea gemu. *(Mama, Unguja)*

Jibu: Waalaykum salaam mama, shikamoo. Kijana anadanganya nusu, nusu anasema kweli. RTX inasaidia kwenye kuweka rangi, kwenye efekti, na kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuediti ambayo inaegemea sana kadi, na hiyo Resolve chuoni wataitumia tu kwa sababu toleo lake la bure linatosha kwa mtu anayejifunza, linatoa mpaka 4K ya kawaida. Na ndiyo, atacheza gemu vile vile, hilo tusifichane.

MacBook Air ya M1 (hiyo ni prosesa ya Apple wenyewe) ni mashine nzuri, imetoka mwishoni mwa 2020 na mpaka leo inafungua zile video ngumu za H.265 4:2:2 nilizoongea na kaka wa Tanga bila kelele, kwanza hata feni haina. Hapo kwenye feni ndio pana udhaifu wake, ukiekspoti kitu kirefu inapata joto na kupunguza mwendo. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni RAM. Hizo zilizotumika za bei nzuri ni za 8, na kwenye MacBook hizi huwezi kuongeza hata kidogo, utakayonunua ndiyo utakayokufa nayo. Kuanzia mwishoni mwa 2024 Apple walianza kuuza MacBook Air za chini kabisa zikiwa na 16, kwa hiyo kama dada anaweza kufika kwenye Air mpya kidogo yenye 16 mimi ningekwenda nayo kwa mtoto wa chuo. Inakaa na chaji siku nzima darasani, laptopu ya gemu ikitolewa kwenye chaja inapoteza nguvu na betri inaisha kabla ya adhuhuri, na chaja yenyewe ni tofali.

Ikiwa mtaamua RTX basi mwambie dada asisome jina la kadi peke yake. RTX 4060 ya laptopu moja inaweza kupewa wati nyingi na ya nyingine wati kidogo, jina ni lile lile na kazi haifanani, hizo wati zinaandikwa kwenye maelezo kamili ya modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji. RAM ziwe 16 zenye sloti za kuongeza, na skrini ni muhimu kuliko mnavyofikiri, iandikwe asilimia 100 ya sRGB (kipimo cha rangi ambazo skrini inaweza kuonyesha). Laptopu nyingi za gemu za bei ya chini zina skrini iliyofifia rangi, mtoto ataongeza wekundu mpaka watu waonekane wameungua kwenye simu za wengine.

Kuhusu Muscat, plagi ya Oman ni ya pini tatu za mraba kama ya kwetu, na umeme ni ule ule, chaja haitasumbua. Keybodi inaweza kuja na herufi za Kiarabu pembeni ya zile za kawaida, haizuii kitu. Swali la kuuliza dukani ni kama garantii inafanya kazi nje ya Oman, nyingi ni za nchi iliponunuliwa tu. Na kama itakuwa ni MacBook iliyotumika, mwenye nayo atoe akaunti yake ya Apple mbele ya dada, aifute yote, dada aiwashe kuanzia mwanzo mpaka ifike kwenye dirisha la kazi. Ikiuliza akaunti ya mtu mwingine au ikisema inasimamiwa na kampuni fulani aiache hapo hapo hata kama bei inalia.

Swali: Fundi nimeona eksteno SSD ya terabaiti 16 kwa elfu hamsini tu, nichukue mbili nihifadhie kazi za wateja? *(Studio ndogo, Mwanza)*

Jibu: Usichukue hata nusu. SSD ya kweli ya ukubwa huo haiwezi kuuzwa bei hiyo popote duniani. Ndani ya hilo ganda kuna kimemori kadi kidogo kimechezewa kijitangaze kikubwa, utanakili harusi tatu yatapokelewa vizuri kabisa na majina ya faili utayaona, ukifungua baada ya mwezi hakuna kitu. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza diski yote kisha inasoma ilichoandika, itumie kwa kila flashi na kila eksteno unayonunua kabla mali ya mteja haijaingia humo.

Na wala huhitaji SSD kwa kuhifadhi. Piga hesabu, kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula megabaiti 12.5 tu kwa sekunde, yaani gigabaiti 45 kwa saa. Hadi diski ya kawaida inasoma zaidi ya megabaiti 100. Kwa hiyo hata hao wanaojisifu na NVMe (SSD za kasi zaidi) za megabaiti 7000 kwa kukata klipu za simu wanalipia mbio ambazo video yao haizikimbii, SSD inakusaidia kwa kuruka ruka kati ya klipu nyingi kwa wakati mmoja, na kwa hilo hata ya SATA inatosha. Kazi unayokata wiki hii ikae kwenye SSD ya ndani, iliyokwisha ihamie kwenye hadi diski mbili za kampuni inayojulikana, nakala ile ile kwenye zote mbili, moja ikae studio na nyingine nyumbani kwako. Pakua CrystalDiskInfo uziangalie afya kila baada ya muda, ikianza kuonyesha njano nunua nyingine siku hiyo hiyo. Na mteja akija na flashi yake akasema faili halinakiliki na nafasi ipo, hiyo flashi ni FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili), haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, ifomati iwe exFAT, ila muulize kwanza kama kuna kitu chake ndani.